UCHANGANUZI: Ngamia wa Garissa wasimuliwa na wageni huku wakutubi wetu wakikosa makongamano

KILA mwaka, waandaaji wa makongamano ya taaluma ya maktaba na sayansi ya habari hutoa wito kwa wataalamu watume mapendekezo ya mada. Wito wenyewe huwa mfupi: eleza unachotaka kuwasilisha kwa maneno 300 au 500, taja jina na taasisi yako, kisha utume kabla ya tarehe iliyowekwa. Ni jambo dogo machoni pa mwananchi wa kawaida. Hata hivyo, ndilo lango ambalo fikra kuhusu maktaba hupitia kabla ya kuwa sera, na kabla ya wafadhili kuamua ni nani atakayejengewa nini.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: mbona sauti inayosikika kutoka Kenya katika majukwaa hayo aghalabu huwa ya mhadhiri wa chuo kikuu, wala si ya mkutubi anayefungua mlango wa maktaba ya umma saa mbili asubuhi na kukuta watoto tayari wamepiga foleni?

Agosti 1984, Nairobi iliwapokea wakutubi wa dunia nzima pale Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba, IFLA, lilipoandaa kongamano lake kuu humu nchini. Shirikisho hilo lilizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1927, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kongamano lake kufanyika katika bara la Afrika. Tangu hapo limerejea barani mara mbili tu, Durban mwaka 2007 na Cape Town mwaka 2015. Kizazi kilichoketi katika kumbi za Nairobi mwaka huo kimestaafu. Waliokuja baadaye wamelazimika kuyafuata makongamano hayo yalikokwenda: Dublin mwaka 2022, Rotterdam mwaka 2023, Astana nchini Kazakhstan mwaka 2025.

Chukua mfano wa ngamia. Mnamo 1996, Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS, ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa kwa kutumia ngamia, mmoja akibeba masanduku ya vitabu na mwingine hema la kusomea. Sifa za mpango huo zilivuma. Mwaka 2005, Margriet Ruurs, mwandishi aishiye Canada, alichapisha kitabu cha watoto kuhusu maktaba zinazosafiri, na ngamia akatajwa kwenye jina la kitabu hicho. Miaka miwili baadaye, Masha Hamilton wa Marekani akachapisha riwaya nzima iliyochochewa na ngamia hao hao.

Hatuna kinyongo nao. Waliona jambo la kupendeza wakaliandika. Lakini kuna maswali ambayo riwaya haiwezi kuyajibu. Jamii inapohamia malisho mengine, vitabu hurejeshwaje? Watoto hao huazima vitabu vya Kisomali, vya Kiswahili au vya Kiingereza, na kwa nini? Ngamia akiugua, matibabu yake hutoka katika fungu gani la bajeti? Haya ndiyo mambo ambayo mkutubi wa Mongolia au wa Mali angependa kuyajua, na mwenye majibu ni yule aliyeshika hatamu.

Kwa nini basi hakuyaandika? Sababu ya kwanza si fedha, ingawa wengi hukimbilia kutaja fedha. Sababu ya kwanza ni ikisari yenyewe.

Ikisari haina tofauti kubwa na aya ya kwanza ya habari gazetini. Sisi tunaoketi kwenye dawati la uhariri tunaufahamu ugonjwa wake. Mwandishi huanza mbali, akafafanua maana ya maktaba, akapitia Alexandria ya kale, akataja umuhimu wa teknolojia katika maendeleo ya taifa, na maneno 300 yakaisha kabla hajasema alifanya nini. Au huahidi: makala hii itachunguza, itajadili, itapendekeza. Mhakiki aliye na mapendekezo mengi mezani, ambaye mara nyingi amefichwa jina la mwandishi ili asipendelee, hana namna ya kujua kwamba nyuma ya maneno hayo makavu kuna kazi ya miaka kumi. Analiweka kando.

Tuseme mkutubi wa kaunti fulani amebaini kwamba wanafunzi hufurika msimu wa mitihani kisha wakatoweka kama umande. Akaamua kufungua hadi saa mbili usiku, akanunua taa mbili za sola, akahesabu wasomaji kwa miezi sita, akagundua kwamba wavulana waliongezeka lakini wasichana hawakuongezeka, kwa kuwa wazazi wao hawakutaka watembee gizani. Hiyo ni ikisari tayari. Ina tatizo, ina hatua iliyochukuliwa, ina matokeo, tena matokeo yenye doa, ambayo ndiyo humfanya mhakiki aketi wima. Haihitaji neno hata moja kuhusu Alexandria. Jambo linalosikitisha ni kwamba mkutubi wa aina hiyo hudhani kazi yake si utafiti, kwa sababu hakuifanya akiwa chuoni.

Nairobi ina visa vya aina hiyo tele. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu, na matawi ya Kaloleni na Makadara yaliyoko Eastlands, yamekuwa yakikarabatiwa na shirika la Book Bunk kwa ushirikiano na serikali ya kaunti uliotiwa saini mwaka 2018. Namna maktaba ya kikoloni inavyorejeshwa mikononi mwa wakazi wa mtaani ni mada ambayo wahakiki wa ng'ambo wangeipokea kwa mikono miwili.

Fedha nazo ni tatizo la kweli. Wito wa IFLA husema bayana kwamba gharama za usajili, usafiri na malazi ni mzigo wa mwasilishaji mwenyewe. Ada ya visa ya Schengen ilipandishwa kutoka yuro 80 hadi 90 mnamo Juni 2024, na mwombaji akinyimwa visa harejeshewi hata senti. Chini ya Katiba ya 2010, maktaba ni jukumu la serikali za kaunti, na katika kaunti nyingi fungu la maktaba likishalipa mishahara halibaki na kitu. Kinaya ni kwamba kaunti hizo hizo hupata nauli ya kuwapeleka wawakilishi wadi ng'ambo kwa ziara za mafunzo, ambazo ripoti zake mwananchi huzisubiri hadi akasahau kwamba alikuwa akizisubiri.

Penye kiu ya kusafiri na kupanda cheo, matapeli hawakosi. Kuna makongamano yanayokubali kila kitu almuradi ada ilipwe. Mwaka 2005, wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani waliunda programu ya kompyuta inayotunga makala za kisayansi zisizo na maana yoyote, na moja ikakubaliwa katika kongamano. Mwaka 2016, Christoph Bartneck, mhadhiri huko New Zealand, alituma ikisari ya fizikia ya nyuklia iliyotungwa kwa kubofya tu maneno yaliyopendekezwa na simu yake. Ilikubaliwa kwa muda wa saa chache. Mwaka huo huo, Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni ya OMICS ya India, pamoja na mambo mengine, kwa kutangaza kwamba wasomi maarufu wangehudhuria makongamano yake ilhali hawakuwa wamekubali. Mwaka 2019, mahakama iliiamuru kampuni hiyo ilipe zaidi ya dola milioni 50.

Inafaa ikumbukwe kwamba aliyeyapa jina machapisho ya ulaghai ya aina hii na kuyaorodhesha hadharani alikuwa mkutubi, Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado. Hii ni kazi ya wakutubi. Mkutubi anayewafunza wanafunzi kutofautisha chanzo cha kuaminika na kisichoaminika hana udhuru wa kunaswa na barua-pepe inayomwita profesa mheshimiwa, inayotaka pendekezo kwa siku tatu, na inayochanganya sayansi ya maktaba, uuguzi na uhandisi katika ukumbi mmoja wa hoteli. Akinaswa, fedha zilizopotea huwa za umma, nayo makala yake huzikwa mahali ambapo hakuna msomi atakayeinukuu.

Wapo wanaosema kizuizi kikuu ni lugha. IFLA ina lugha rasmi saba, yaani Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kirusi, Kiarabu na Kichina. Kiswahili hakimo, licha ya UNESCO kuitenga Julai 7 mwaka 2021 kuwa siku yake duniani na Muungano wa Afrika kukifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Dai la kukiingiza ni la haki na vyama vya wakutubi vya Afrika Mashariki vingelipigania kwa pamoja. Lakini tusidanganyane. Mkutubi wa Kenya alisoma, akafanya mtihani na huandika ripoti zake kwa Kiingereza. Lugha humzuia zaidi msomaji wake, ambaye hasikilizwi na yeyote.

Kuna njia iliyo karibu. SCECSAL, jukwaa la vyama vya wakutubi wa Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, lenye mizizi katika miaka ya 1970, hukutana kila baada ya miaka miwili katika nchi wanachama, na Nairobi ililiandalia kikao mwaka 2012. AfLIA, muungano wa bara zima wenye makao yake Accra, Ghana, nao una makongamano yake. Huko mkutubi wa Kenya anaweza kufika bila visa ya Schengen, pengine hata kwa basi, na wasikilizaji wake wanajua ukosefu wa umeme ni nini.

Lakini hata huko, tarehe ya mwisho ya kutuma ikisari hutangulia kongamano kwa miezi kadhaa. Bajeti za kaunti hukamilishwa mwishoni mwa Juni, na fedha hufika zinapofika. Mkutubi anayengoja barua ya idhini ya safari ndipo aandike, hupata lango limefungwa. Anayeandika kwanza na kutuma, barua ya kukubaliwa ikiwa mkononi anapoingia ofisi ya mkuu wa idara, angalau ana kitu cha kuweka mezani wakati makadirio ya mwaka unaofuata yanapoandaliwa.