Picha ya arusi si pambo la ukutani

Msafiri atokaye Malindi akifika Minjila hukuta njia imegawanyika: moja yaelekea Garsen, Hola na Garissa, nyingine yakata kwenda Witu na Lamu. Kwa hiyo wengi wanaujua mji huu mdogo kama mahali pa kushuka gari, kunywa chai na kungojea gari jingine. Ni wachache wanaozingatia kwamba kutoka hapo huondoka pia kijana mwenye kamera begani, akipakiwa kwenye pikipiki kuelekea kijiji fulani cha Delta ya Tana ambako kuna arusi, ama mtoto ametahiriwa, ama mzee amerudi kutoka Makka. Jioni hurudi akiwa amejaa vumbi, na mara nyingi amelipwa nusu tu ya malipo waliyopatana.

Kijana huyo tumezoea kumwona kama mtu wa starehe, ndugu ya mpiga ngoma na mpishi wa biriani. Shughuli ikiisha, kazi yake nayo imeisha. Mimi nasema kwamba katika sehemu zetu yeye ni zaidi ya hayo, na kosa la kutolitambua jambo hili ni letu sote, yeye mwenyewe akiwemo.

Mwezi Novemba mwaka wa 2023, mvua za El Nino ziliufurisha Mto Tana, na maji yakaikata barabara ya Lamu. Yalipopungua nilimwona mama mmoja mzee kando ya njia akianika picha juu ya mkeka, kama aanikaye samaki. Zilikuwa zimegandana kwa tope. Alikuwa akizibandua moja moja, na kila alipobandua, rangi ilibaki upande huu na karatasi tupu upande ule. Aliyoitaka kuliko zote ilikuwa ya siku ya arusi yake. "Huyu ndiye marehemu, mwanangu," akaniambia, akinionyesha kanzu nyeupe isiyokuwa na kichwa. Mpiga picha wa siku ile yungali hai. Mama alikuwa amekwisha kumwendea kuomba nakala, akajibiwa kwamba filamu za zamani zilitupwa siku nyingi, hazikuwa na kazi.

Hazikuwa na kazi! Tufikiri kidogo juu ya maneno hayo. Watu wa Delta wamehamishwa na maji zaidi ya mara moja: mwaka wa 1997 na 1998, tena 2018, tena 2023, tena 2024. Mwaka wa 2012, katika mapigano yaliyoanza kuua watu wengi mwezi Agosti kijijini Riketa, nyumba ziliteketezwa pamoja na kila kilichokuwamo. Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto kwanza. Cheti, kama alikuwa nacho, hubaki darini.

Na wengi hawakuwa nacho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za kimila, na inataka ziandikishwe. Lakini ni wanandoa wangapi wa vijijini wamefunga safari hadi ofisini kwa jambo hilo? Mume anapofariki, ndipo shemeji huzuka na kuuliza, "Huyu aliolewa lini?" Mahakama zetu zimekwisha kuona kesi nyingi za urithi na za mazishi ambamo mjane hutoa picha za siku ya mahari au ya arusi ziwe sehemu ya ushahidi wake. Picha peke yake haithibitishi ndoa, hilo nakiri. Lakini humwonyesha hakimu nani alikuwapo, nani alikaa penye kiti cha baba mzazi, na yule shemeji anayekana leo alivyokuwa akitabasamu siku ile.

Pwani yetu imepata kuwa na mafundi walioiheshimu kazi hii. Pale Mombasa, Bwana N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka wa 1942, na wanandoa wa kila dini wakaenda kusimama mbele ya taa zake wakiwa wamevaa mavazi yao mazuri kabisa. Kule Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka wa 1993, ambaye kwa mkasi na gundi aliweza kumtia mtu ndani ya waridi. Picha zao bado zinatazamwa na kuchunguzwa na wataalamu mpaka ng'ambo, na sababu mojawapo ni kwamba kulikuwa na waliozitunza.

Siku hizi filamu imeondoka, tumeingia katika zama za simu. Bibi arusi hupigwa picha mia tatu, zote zikakaa ndani ya simu ya shangazi. Simu ikitumbukia mtoni, ama ikiibiwa katika basi, arusi nzima imekwenda. Mpiga picha naye hufuta kadi yake ili apate nafasi ya kazi ya Jumamosi ijayo. Tulidhani mambo yamekuwa mepesi, kumbe mama yule wa mkekani alikuwa na nafuu kuliko binti yake. Yeye walau amebakiwa na kanzu.

Ningependa kila mpiga picha wa Minjila aweke nakala ya kazi zake mahali pawili, kimoja kikiwa mbali na mto, na atoze ada ndogo kwa utunzaji huo. Awe mwaminifu pia, kwa maana zimo picha za wanawake zilizopigwa ndani, ambazo hazikukusudiwa kuonwa na kila mtu. Akizitangaza amevunja heshima ya nyumba, na tangu 2019 tunayo sheria ya kulinda habari za watu. Serikali ya kaunti, ambayo kila mafuriko hugawa mablanketi na unga, haitafilisika ikigawa pia mifuko ya plastiki ifungikayo vizuri kwa ajili ya vyeti na picha.

Nasi tulio na picha tuzitoe katika simu, japo tano tu, zichapishwe katika karatasi. Zikilowa na kugandana, zisingojewe zikauke ndipo zibanduliwe, kama alivyofanya mama yule kwa kutojua. Ziloweshwe tena katika maji safi, ziachane zenyewe polepole, kisha zilazwe kivulini uso ukitazama juu. Na nyuma ya kila moja paandikwe majina, kijiji na mwaka, kwa kalamu ambayo wino wake hauyeyuki majini.