Kabureta kubwa si dawa ya kila injini

Najua nimeadimika. Nilikuwa nyumbani Iringa, na kabla ya hapo kulikuwa na mitihani, mnajua wenyewe hali ilivyokuwa. Leo siongelei foleni ya boom wala wali wa kafeteria. Leo naongelea kabureta. Ndiyo, kabureta ya gari. Wenzangu wa Fizikia na Hisabati mtanielewa haraka, nyie wa Historia na Kiswahili vumilieni kidogo, lenu lipo mbele.

Baba yangu ana Land Rover Series III ya petroli, ile ndefu. Zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa imenizidi umri kwa mbali. Ndiyo inayobeba nyanya kutoka Ilula kwenda sokoni Iringa mjini, na ndiyo iliyonisomesha sekondari. Sasa mwaka jana ikaanza kunywa mafuta kama haina akili. Moshi mweusi, asubuhi haiwaki mpaka uibembeleze, na sailensa hamna kabisa, ukiachia pedali inazima. Baba akapiga hesabu, akakuta lita moja haimfikishi hata kilomita nne. Akaanza kusema habari za kuiuza.

Mie nikajifanya msomi. Nikasoma huku na kule, nikaambiwa dawa ni Weber 32/36 DGV, kabureta ya koo mbili. Boom ilipoingia nikachukua karibu nusu yake, nikaenda Gerezani, nikapata moja iliyotumika pamoja na sahani ya kuungia kwenye manifoldi. Nikala maharage miezi miwili. Likizo ilipofika nikampelekea baba kwa mbwembwe, "Baba, shida zako zimekwisha."

Zilikuwa ndiyo zinaanza. Tuliifunga mimi na kijana mmoja wa gereji ya mtaani. Injini ikawa inapanda na kushuka yenyewe, ukikanyaga inapiga chafya kwenye kabureta. Siku ya tatu baba anateremka na mzigo, pedali ikanasa chini. Gari linakwenda lenyewe! Alizima switchi, akasimama pembeni kwa breki na gia. Alipofika nyumbani hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, hii zawadi yako ingenizika." Sikulala.

Kesho yake akaitwa mzee mmoja, fundi mstaafu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, akauliza swali ambalo mie msomi sikuwahi kuuliza: "Ile ya zamani mliitoa kwa kosa gani?"

Kimya. Kwa sababu tuliitoa kwa kosa la moshi mweusi, na hatukujua moshi unatoka wapi.

Mzee akaanza mwanzo. Alifungua plagi za silinda zote nne, akazipanga mezani. Nyeupe zote. Plagi nyeusi yenye masizi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, nyeupe ni kinyume chake, na ile ya kahawia kama biskuti ndiyo afya. Akapaka oili nzito pembeni mwa ile sahani wakati injini inanguruma, na palepale mlio ukatulia. Kumbe sahani haikukaa sawa, injini ilikuwa inavuta hewa ya wizi kwenye gasketi. Tena jeti zilizokuwa ndani hazikupangwa kwa injini hii. Weber za aina ile zilitumika sana kwenye Ford za lita 2.0 za miaka ya 1970, na kila injini ina jeti zake. Na kile chuma cha kuunganisha pedali kilikuwa kinagusa ukingo wa sahani, ndiyo maana kilinasa.

Halafu akaomba ile kabureta ya zamani, Zenith 36IV. Akaniomba rula. Nikampa ya chuma niliyonunua kwa ajili ya BTP. Akailaza juu ya uso wa mfuniko, akanyanyua kwenye jua, akaniambia nichungulie. Mwanga ulikuwa unapita chini ya rula! Zenith hizi zina ugonjwa huo, mfuniko wake hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, mafuta yanavujia ndani na kushuka kwenye injini hata usipokanyaga. Moshi mweusi wote ule ulikuwa hapo.

Dawa yake? Kioo cha dirisha, msasa laini na subira. Unalaza msasa juu ya kioo, unasugua nyuso zote mbili mpaka rula isipitishe mwanga, unaweka gasketi na kipete kipya cha mpira. Tapeti tulizirudisha kwenye milimita 0.25, platini kwenye 0.35 hadi 0.40, kwa maana nazo zilikuwa hovyo. Gari likarudi kilomita tano na nusu kwa lita. Kwa Land Rover ndefu ya petroli, hapo ushukuru Mungu.

Sasa hoja yangu. Vijana wengi wenye magari ya zamani tunaamini kabureta kubwa ndiyo injini kubwa. Hebu tupige hesabu. Injini ya Land Rover hii ni sentimita za ujazo 2,286. Kwa kuwa ni ya mipigo minne, inajaza silinda zake zote mara moja kila inapozunguka mara mbili. Kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, hewa inayoweza kuingia ni lita 4,572 kwa dakika, tena hapo ni kama silinda zingejaa kabisa, na huwa hazijai. Mdomo wa Zenith una kipenyo cha milimita 36. Weber ina midomo miwili, 32 na 36. Piga eneo la duara utaona umeongeza nafasi kwa karibu asilimia 80. Lakini pistoni ni zilezile na valvu ni zilezile! Umeongeza mlango, waliomo ndani hawajaongezeka.

Haki ya Weber niiseme. Koo lake la pili hufunguka baadaye tu, ukikanyaga sana, kwa hiyo ukiendesha kwa upole unatumia lile dogo. Kwenye injini nzima, yenye jeti sahihi, inasaidia mlimani, na anayepanda Kitonga na mzigo kila wiki ana sababu ya kuitaka. Na kama Zenith yako imekwisha kabisa, ipo Weber 34 ICH ya koo moja, inayofungwa sana kwenye Land Rover hizi. Ni rahisi na haina ulafi, ila mlimani utaona nguvu imepungua kidogo. Chagua kwa kazi ya gari, usichague kwa sifa za jina.

Na ukiamua kufunga, kagua injini kwanza. Toa waya wa betri kabla hujagusa bomba la petroli. Laza rula kwenye kila uso unaokutana na mwingine. Halafu, kabla ya kuwasha, mwenzako akanyage pedali mpaka mwisho huku wewe unachungulia kooni: kipepeo kisimame wima, na akiachia kijifunge chenyewe. Ni dakika mbili tu. Sisi hatukuzitumia, na nusura nimpoteze baba.

Lile la wote nililoahidi ni hili. Nikiwa BTP nilikuwa na mwanafunzi aliyefeli kila zoezi, nikakimbilia kumwongezea mazoezi makubwa zaidi. Wiki ya tatu ndiyo nikagundua haoni ubaoni. Nilipomsogeza mbele, akaanza kupata. Kumbe shuleni nako nilikuwa nafunga Weber.

Ile kabureta ipo chini ya kitanda changu Hall, imefungwa kwenye gazeti. Anayeihitaji aje na maelezo ya injini yake kwanza, la sivyo siuzi.

Naomba kutoa hoja.