Taa Ipi Yafaa Mche wa Ndani?

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Juma hili yatupasa kuwaomba radhi, kwani kwa yule aoteshaye mboga ndani ya nyumba jembe ni taa, na asipoichagua vyema hapati mboga wala fedha yake hairudi.

Familia nyingi zikaazo ghorofani, zisizo na ua wala baraza lenye jua, huotesha mchicha au miche ya nyanya chini ya taa za LED. Dukani huonyeshwa taa ya mwanga wa zambarau, wakaambiwa kuwa hiyo ndiyo chakula cha mimea. Nusu ya maneno hayo ni kweli.

Mwanga husafiri kwa mawimbi, na urefu wa wimbi ndio uletao rangi. Buluu huwa kama nanomita 450, kijani 530, nyekundu 660. Mwaka 1882 Theodor Engelmann wa Ujerumani aliutenga mwanga katika rangi zake, akaumulika juu ya mwani. Bakteria wapendao oksijeni walikusanyika penye nyekundu na penye buluu, maana hapo ndipo mwani ulipotoa oksijeni kwa wingi. Taa ya zambarau ni mchanganyiko wa rangi hizo mbili.

Lakini kila rangi ina kazi yake. Buluu huufanya mche kuwa mfupi na imara. Nyekundu huustawisha, ila ikiwa peke yake mche hurefuka ukawa dhaifu. Kijani hudhaniwa kuwa ni bure, kumbe hupenya ndani ya jani hata kuyafikia majani ya chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu K. J. McCree alipima aina 22 za mazao, akaona kuwa kijani nacho hutumika.

Wanaanga waliokula saladi waliyoiotesha angani mwaka 2015 waliikuza chini ya taa nyekundu, buluu na kijani. Tena, chini ya zambarau tupu mama wa nyumbani hawezi kutambua jani lililoanza kugeuka manjano, wala mdudu aliyejificha.

Basi, ndugu msomaji, balbu nyeupe ya LED yatosha. Ndani yake mna mwanga wa buluu, ambao unga uliopakwa hugeuza sehemu yake kuwa kijani na nyekundu. Itundike kama sentimita 30 juu ya miche, iwake saa 14 hadi 16, kisha izimwe ili miche ipumzike. Miche ikirefuka na kuinama, ishushe taa. Majani yakibabuka, ipandishe.

Na kama dirisha lako lapata jua la kutosha, fedha ya taa kawanunulie watoto madaftari. Jua halina ankara.

Hadi Jumapili ijayo.