Kilio Katika Ukumbi wa Dansi

Wako wenzetu, na baadhi yao ni walimu, wanaoshikilia kwamba wimbo wa dansi una kazi mbili tu: kuwachezesha watu na kuwafundisha wajibu wao. Mwanamuziki akianza kuisaili nafsi yake mbele ya hadhara, huambiwa kuwa ameleta msiba arusini. Shutuma hiyo tumeisikia hapa Ubaruku ikielekezwa kwa marehemu Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila. Twaikataa.

Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, kisha akaingia bendi ya Matimila. Mwaka 1988 ilitoka Uingereza santuri ya “Nalilia Mwana”; mwaka 1989 ikafuata “Songs for the Poor Man”, na ndani yake mna “Nasikitika”, “Kipenda Roho” na “Sauti ya Mnyonge”. Majina yenyewe yatosha kutujulisha kuwa huyu hakuja kupiga porojo. Aliimba hamu ya mtoto, unyonge, na siku ya kufa. Tena aliyaimba hayo kwa mdundo wa kuchezeka.

Hapo ndipo wakosoaji wanapoteleza. Wa ng'ambo, wasiojua Kiswahili, walisifu magitaa, wakacheza juu ya kilio cha mtu pasipo kujua kuwa ni kilio. Hatuwalaumu sana, lugha si yao. Lakini hawa wa kwetu, wanaoielewa kila silabi, wana udhuru gani? Hudai kwamba huzuni ya mtu mmoja si mali ya taifa. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alisema kuwa utamaduni ndio roho ya taifa. Ni roho gani hiyo isiyoruhusiwa kusikitika?

Tena hata alipofundisha hawakuridhika. Katika “Mambo kwa Soksi” aliwahimiza watu wajikinge na UKIMWI kwa kutumia kondomu, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga wimbo huo. Akilia, aambiwa afundishe. Akifundisha, aambiwa hana haya.

Wapenzi wake walimwelewa upesi zaidi. Hao hawakuandika makala. Walimwita Dokta, na kule Sinza kituo cha basi chaitwa Kwa Remmy hata leo, ingawa alifariki mwaka 2010.

Na twende majarubani. Mama anayepandikiza mpunga, matope yakimfika magotini na mgongo umepinda tangu alfajiri, akianza kuimba haimbi habari za magunia. Amwimba mwanawe aliyekwenda mjini asirudi. Wenzake hupokea kiitikio, wala mikono haichelewi. Hatujapata kumsikia bwana shamba akimwambia kuwa anaharibu kazi. Mbona basi tumkataze mpiga gitaa?

Kwa hiyo twawaomba walimu wa Kiswahili: siku ya kipindi cha ushairi, wapigieni wanafunzi “Siku ya Kufa”. Wayaandike maneno yake kwa mkono, kisha waulizwe ni nani anayelia, na kwa nini miguu yao inataka kucheza.