Petroli Kali

Hapa Bagamoyo, na ninasema Bagamoyo yetu, kata ya mjini Tukuyu, siyo ile ya pwani ambayo kila mgeni huifikiria akisikia anwani yangu, kuna ubishi mmoja kwenye kijiwe cha bodaboda ambao haufi. Ubishi wenyewe ni petroli. Mmoja atakuambia pikipiki yake haili mafuta ya ovyo, inataka petroli kali. Mwingine ataapa kwamba petroli ya Kyela ina nguvu kuliko ya Tukuyu, na kwamba yeye mwenyewe amethibitisha. Wa tatu atatoa mfukoni kichupa cha dawa, kifuniko kimoja kwa tangi zima, alichouziwa kwa fedha ambayo mkewe angenunulia sukari ya wiki nzima. Nimenyamaza miaka mingi. Leo nasema wazi, ndugu msomaji, kwamba huo ni upuuzi mtupu, na kwamba upuuzi huo umewadhulumu watu. Mmoja wa waliodhulumiwa ni mtoto wa dada yangu, na aliyemdhulumu ni mimi.

Kwanza tuumalize ukali. Petroli hupewa namba iitwayo oktani, 91, 93, 95 na kuendelea, nasi tuliozoea madaraja ya mitihani tunadhani mwenye 95 amemshinda mwenye 91. La hasha. Namba hiyo haipimi nguvu hata kidogo. Inapima uvumilivu. Ndani ya silinda pistoni hugandamiza hewa na petroli, na kitu kikigandamizwa hupata joto. Petroli isiyo na uvumilivu hujilipua yenyewe kabla moto ulioanzia kwenye plagi haujaifikia, na hapo ndipo injini inapogonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Injini inayogandamiza sana, kama ya pikipiki za mashindano, inahitaji petroli yenye uvumilivu mkubwa. Hizi pikipiki zetu za Kihindi na Kichina, zinazogandamiza kiasi cha tisa kwa moja, hazina makuu hayo. Nyingi huridhika na oktani 91. Ukizipa zaidi ya mahitaji yake hazipati chochote, sawasawa na mtu mwenye kiu ya glasi moja anayeletewa pipa.

Sasa huyu wa Kyela. Simwiti mwongo, maana pikipiki yake kweli hukimbia zaidi kule. Lakini Kyela iko bondeni, karibu na Ziwa Nyasa, mahali ambapo kimo kutoka usawa wa bahari hakifiki hata meta 600, na sisi Tukuyu tuko juu kwa meta 1,500 na ushei. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito, na injini isiyo na kipulizio cha kuiongezea hewa hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1,000. Bwana huyu alijaza tangi Kyela, akakimbia tambarare katika hewa nzito, akaisifu petroli. Alipopanda kurudi kwetu, pikipiki ikaanza kuhema, akailaumu petroli ya Tukuyu. Angepanda zaidi hadi Isongole angeilaumu kuliko hapo. Tena ajabu ni kwamba hewa nyepesi hupunguza haja ya oktani, kwa sababu mgandamizo wenyewe unakuwa hafifu. Kama kuna watu nchi hii wasiohitaji petroli kali, basi ni sisi wa milimani.

Najua imani hii ilikotoka. Wa umri wangu tunakumbuka pampu mbili, ya super na ya kawaida, na heshima aliyopata mtu aliyesema "nipe super" kwa sauti ya kusikika. Siku hizo oktani ilipandishwa kwa risasi, ugunduzi wa maabara ya General Motors huko Marekani mwaka 1921, na sumu hiyo tuliivuta pamoja na watoto wetu mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoiacha ilipoingia 2006. Kwa hiyo hata kale, aliyejivunia super yake alikuwa akijivunia nini hasa? Tuliache hilo. Leo ukifika sheli ya kawaida ya Tukuyu utakuta petroli moja, dizeli moja, na pengine mafuta ya taa. Bei ya kikomo inatangazwa na EWURA kila mwezi. Daraja la kuchagua halipo.

Pamoja na hayo, mwaka 2010 nilimhukumu kijana kwa kosa la kutochagua.

Nilikuwa nimestaafu ualimu, na sehemu ya kiinua mgongo nikanunua pikipiki, nikampa mpwa wangu kwa mkataba. Alete hesabu ya shilingi 7,000 kwa siku, siku sita za wiki, na baada ya miezi kumi na minne chombo kiwe chake. Alileta bila kukosa. Ulipofika mwezi wa kumi na mbili injini ikaanza kugonga kila akipanda mlima na abiria, moshi ukatoka, plagi ikawa nyeusi kama chungu. Fundi, mtu ninayemheshimu hadi leo na kwa hiyo simtaji, akaniambia mbele ya kijana, "Mwalimu, huyu anaweka mafuta yasiyo daraja lake. Chombo hiki kinataka kali." Kijana akasema, "Mjomba, mimi naweka petroli kama wenzangu wote." Nikamwambia wenzake wote si mimi niliyewapa pikipiki. Nikaichukua. Miezi miwili ilikuwa imebaki.

Baada ya wiki tatu, nikiwa nafagia mahali alipokuwa akiilaza pikipiki, nikaokota chupa ya maji iliyobaki na petroli kidogo chini. Niliinusa. Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa mwalimu ninayejidai kuwa. Nikachana ukurasa wa daftari, nikadondosha tone moja, nikasubiri. Petroli safi hupaa yote na kuacha karatasi kavu. Karatasi yangu iliacha doa la mafuta, pana kama sarafu, na kesho yake asubuhi bado lilikuwepo. Ilikuwa petroli iliyotiwa mafuta ya taa.

Mafuta ya taa ndiyo hasa yanayoua uvumilivu nilioueleza. Yanashusha oktani, hayaungui yakaisha, yanaacha masizi, yanapenya hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi. Kila dalili aliyoisoma fundi ilikuwa ya kweli, na dawa aliyoiandika ilikuwa ya uongo. Kijana hakuhitaji petroli kali. Alihitaji petroli.

Wasomaji wa mwaka huo watakumbuka neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu, kuchakachua. Lilitoka kwenye matangi ya mafuta, na uchaguzi wa 2010 ulipofika likahamia kwenye kura, likaenda kwenye vyeti na maziwa. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa kuwa ni ya maskini, hivyo aliyeyachanganya na petroli alivuna tofauti bila jasho. Mwaka huohuo mafuta ya soko la ndani yalianza kutiwa alama ya siri ili ijulikane yakichanganywa, au yakiwa ni yale ya kwenda nchi jirani yaliyomwagwa njiani, na sisi tunaoishi kando ya barabara ya kwenda Kasumulu tunaelewa maana ya maneno hayo bila kufafanuliwa. Halafu bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Faida ya kuchakachua ikanyauka. Nakubali ilisaidia. Lakini naomba tukumbuke nani alilipa. Alilipa mama wa kijijini mwenye koroboi, ambaye hajawahi kumiliki hata kifuniko cha tangi.

Wenzangu wenye pikipiki wakisikia haya husema, basi wauza chupa wafukuzwe barabarani. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na gari na sheli iko njiani kwako. Nilimwuliza mpwa wangu kwa nini alinunua kwenye chupa. Akanijibu bila hasira, na afadhali angekasirika. Alfajiri alikuwa hana fedha, kwa sababu ya jana ameniletea mimi. Mwenye chupa alimkopesha lita moja, akalipa saa nne baada ya abiria wawili watatu. Pampu haikopeshi. Tena abiria wake wengi walikuwa wa vijiji vya juu, ambako mafuta yakikuishia kwenye mvua yetu hii isiyo na mwisho, huchagui duka. Kwa hiyo aliyemsukuma kwenye chupa ile ni hesabu yangu ya shilingi 7,000. Daraja la petroli lilikuwa limechaguliwa sebuleni kwangu, siku nilipoandika mkataba.

Hili ndilo linalonikasirisha katika hadithi ya petroli kali. Inamgeuza dereva kuwa mkosaji kila injini inapokufa. Tajiri anaiamini kwa kuwa inamwondolea lawama. Mwuza dawa za vichupa anaihubiri kwa kuwa inamlisha, na fundi anairudia kwa kuwa hakuna anayemdai ushahidi. Hakuna hata mmoja kati yao anayechana karatasi.

Siku hizi mafuta ya taa hayana faida tena kwa mchakachuaji, lakini chupa zipo, zimeanikwa juani mpaka petroli inachuja, na maji ya mvua yanaingia kwa vifuniko vilegevu. Yaache yatulie utayaona chini kama ushanga. Nimesikia kwa furaha habari za mikopo ya serikali kwa wanaotaka kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini. Vije upesi. Na wenye pikipiki wenzangu wapunguze hesabu ya siku, au angalau waache lita mbili za kuanzia alfajiri ndani ya tangi, jambo ambalo halihitaji serikali.

Pikipiki nilimrudishia, na miezi miwili nikaifuta. Injini ilikuwa imekwisha kuharibika, nikalipa nusu ya matengenezo. Ilipaswa kuwa yote. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema "ndaga", akaondoka. Sasa anazo pikipiki tatu na vijana watatu. Sijamwuliza anatoza hesabu ya shilingi ngapi.