Uganda: Shirika lilivunjwa vipande vitatu, soko halikuzaliwa

Na Mwandishi Wetu

MKATABA wa miaka 20 ulioipa kampuni ya Umeme kazi ya kusambaza nishati nchini Uganda ulifikia ukomo Machi 31, 2025, na kazi hiyo ikarejea kwa kampuni ya serikali, UEDCL. Miaka miwili kabla yake, Eskom ya Afrika Kusini nayo ilikuwa imeondoka katika mitambo ya Nalubaale na Kiira, Jinja.

Hivyo ndivyo yalivyoishia mageuzi yaliyoanza na Sheria ya Umeme ya mwaka 1999, ambayo kwa miaka mingi yalitajwa kuwa mfano wa kuigwa barani Afrika. Shirika la zamani, UEB, lilivunjwa mwaka 2001 na kuzaa kampuni tatu: UEGCL ya kuzalisha, UETCL ya kusafirisha na UEDCL ya kusambaza. Mamlaka ya udhibiti, ERA, ikakabidhiwa leseni na bei.

Lawama nyingi zimeelekezwa kwa Umeme, kwani ndiyo iliyokuwa ikidai malipo kwa wateja (na kwa msemaji wa Kiswahili, jina lenyewe lilichanganya muuzaji na bidhaa). Hata hivyo, kampuni hiyo ilipunguza upotevu wa nishati kutoka takriban asilimia 38 hadi chini ya asilimia 20. Tatizo kubwa zaidi liko katika bei ya jumla, na huko ushindani haukuwahi kuwapo. UETCL ndiye mnunuzi mmoja anayenunua kwa wazalishaji na kuwauzia wasambazaji. Mzalishaji hushindania mkataba mara moja tu, na akishautia saini hana wasiwasi tena kwa miongo kadhaa.

Bujagali ni ushahidi tosha. Mradi huo wa megawati 250 ulizinduliwa mwaka 2012, baada ya nchi kutaabishwa na mgawo wakati maji ya Ziwa Victoria yalipopungua na mitambo ghali ya dizeli ikakodiwa. Mkataba wake wa miaka 30 humlipa mwekezaji kwa mitambo kuwa tayari, umeme utumike usitumike. Bei ilipolalamikiwa, hapakuwa na mshindani wa kuishusha. Ilibidi mwaka 2018 mikopo ipangwe upya na serikali imsamehe mwekezaji kodi ya mapato. Kwa maneno mengine, sehemu ya nafuu ya mteja ilitoka mfukoni mwake mwenyewe akiwa mlipa kodi.

Baadaye zikaongezeka Isimba, megawati 183, mwaka 2019, na Karuma, megawati 600, iliyozinduliwa mwaka 2024. Katika soko huru, ziada kama hiyo hushusha bei. Chini ya mikataba ya aina hii humwongezea mnunuzi mmoja mzigo.

Ni kweli kwamba soko huru bila mdhibiti mkali nalo ni hatari, kama California ilivyoonja mwaka 2000 na 2001. Tena Uganda ina wazalishaji wakubwa wachache, wengi wakitegemea mto mmoja. Lakini zabuni ya wazi kwa kila mradi mpya haihitaji soko la kila saa.

Serikali ililipa dola milioni 118 kuiaga Umeme, nayo kampuni ikadai hazitoshi. UEDCL imerithi nguzo, nyaya na wateja wake, pamoja na muuzaji yuleyule wa jumla. Mkataba wa Bujagali unaendelea hadi takriban mwaka 2042.