Maelezo ya muuzaji ni sehemu ya bidhaa

Anayenunua kamera iliyokwisha kutumika kupitia mtandaoni hununua maneno kabla ya kununua kamera. Dukani angeishika, aizungushe pete ya lenzi na kusikiliza mlio wa shata. Mtandaoni huwekewa picha mbili tatu na kauli fupi: “Imetumika kidogo, hali safi, haina tatizo.” Kwa kauli hiyo hutoa maelfu ya shilingi.

Ninalizungumzia jambo hili kwa kuwa wengi wa wanunuzi hao ni wanafunzi wetu. Kamera mpya hawaimudu, na aghalabu wale wanaosomea uanahabari na filamu hudunduiza fedha ili wapate kifaa cha kupigia picha harusini na katika mahafali, wajilipie karo. Kamera ikiwafikia ikiwa na kasoro, huenda muhula mzima ukapotea pamoja nayo.

Hebu tuyapime maneno yenyewe. “Imetumika kidogo” ni kidogo kiasi gani? Shata ya kamera ina umri unaohesabika. Ile ya Canon EOS 5D Mark III, kamera iliyotolewa mwaka 2012, ilikadiriwa na watengenezaji kustahimili picha 150,000. Kamera iliyopiga picha 20,000 na nyingine iliyopiga 140,000 zaweza kung’aa sawasawa katika tangazo, na wauzaji wote wawili wakaapa kwamba zimetumika kidogo.

Na “lenzi safi” je? Penye unyevunyevu mwingi, kama katika pwani yetu, kuvu huweza kuota baina ya vioo vya lenzi. Kwa nje haionekani; hubainika lenzi inapomulikwa kwa tochi. Ikikaa muda mrefu hula utando wa kioo, na hapo hata fundi hodari hawezi kuurejesha.

Aulizaye “Je, ni nzuri?” atajibiwa “Nzuri sana.” Lakini aulizaye shata imepiga mara ngapi, lenzi ina kuvu au mikwaruzo, na iwapo kamera imewahi kufunguliwa na fundi, humlazimu muuzaji kusema jambo linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa.

Utata mkubwa zaidi umo katika suala la kurudisha. Tumezoea kusoma: “Bidhaa ikishauzwa hairudishwi.” Hiyo ni kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda, uamuzi wa muuzaji umevishwa vazi la sheria ya maumbile. Wapo pia wanaoahidi kwamba bidhaa “inarudishwa katika siku saba.” Siku hizo zahesabiwa tangu kulipa au tangu kupokea? Kurudisha kamera ni tendo moja. Kurudishiwa fedha ni la pili. Kubadilishiwa ni la tatu. Kutengenezewa ni la nne. Na kifurushi kikitoka Kisumu kurejea Nairobi, nauli yake italipwa na nani?

Wauzaji watasema kwamba wapo wanunuzi wajanja, wanaoitumia kamera harusini Jumamosi na kuirudisha Jumatatu. Ni kweli, na sitetei ulaghai huo. Lazima tutofautishe aliyebadili nia na aliyedanganywa. Wa kwanza anategemea hisani ya muuzaji. Wa pili anadai haki. Nambari ya kamera ikiandikwa na kupigwa picha kabla ya kusafirishwa, pande zote mbili zitalindwa.

Haki hiyo haikuzuka jana. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, hutaka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa habari anazohitaji. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo hukataza maelezo ya uongo kuhusu ubora wa bidhaa. Isitoshe, Mahakama za Madai Madogo, zilizoanza kazi mwaka 2021, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mdai si lazima awe na wakili.

Hata hivyo, mahakama haiwezi kupima maneno yaliyosemwa kwa simu yakapeperuka. Ujumbe wa M-Pesa huthibitisha kwamba fedha zimelipwa. Hausemi muuzaji aliahidi nini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mnunuzi na aulize kwa maandishi, ajibiwe kwa maandishi, na alihifadhi tangazo kabla halijafutwa. Kamera ikifika, aijaribu siku iyo hiyo, na akiona kasoro aitaje waziwazi, akiambatisha picha na maneno ya muuzaji mwenyewe.

Hapa ndipo walimu wa Kiswahili wanapoingia. Tunafunza uandishi wa barua na matangazo, lakini mara nyingi tunasahihisha muundo na kuusahau ukweli. Ningependa mwanafunzi aandikishwe tangazo la kuuza kitu chake kikuukuu, na mwenziwe aulize maswali hadi pasiwe na neno lenye maana mbili. Zoezi hilo litamfaa darasani na sokoni.

Ahadi ni deni, nayo ahadi ya muuzaji huanza pale anapoandika “hali safi.” Asiyeweza kulilipa deni hilo asiliandike.